Mashavu ya Fundi Likwata

Jua bado halijachomoza juu ya mikorosho ya Milola, na umande ungali kwenye majani. Mashine za kupulizia salfa, unga wa njano wa kuzuia ukungu wa mikorosho, zinaanza kunguruma, moja bondeni, nyingine upande wa njia ya Kilangala. Hii ndiyo saa yake. Salfa hushika jani likiwa na unyevu na upepo ukiwa umetulia. Jua likipanda, unga wote unahamia kwa jirani ambaye hakuchangia hata shilingi.

Likwata Maftaha, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, amekaa juu ya gunia upande unakotoka upepo. Mbele yake ametandaza spana, plagi mbili za zamani na kopo la petroli. Mpulizaji mmoja, Hussen, anatokea katikati ya miti akiwa wa njano kuanzia kofia hadi kandambili, utadhani kapakwa manjano ya biriani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Simama hapo hapo, usiniletee vumbi lako. Weka mashine chini, urudi nyuma."

Hussen anatii. Likwata anaifuta mashine kwa kitambaa kibichi, kisha anaanza kufungua kabureta. Kijana anamtazama usoni kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Fundi, nawe unazidi kukonda," anasema.

Likwata anacheka kidogo bila kuinua macho. Maneno hayo ameyasikia tangu mwanzo wa mwaka huu wa 1997, sokoni, msikitini, hata kwa watu wasiojua jina lake. Katika miaka hii ambayo ugonjwa wa Ukimwi umeingia kila kijiji, kumwambia mtu amekonda si salamu tena. Ni kumuuliza swali bila kulitamka.

Ukweli wa mwili wake ni mwingine kabisa, nao unaanzia kwenye salfa hii hii.

Alianza kupulizia kwa kukodiwa miaka ya mwanzo ya tisini, biashara ya korosho ilipoachiwa watu binafsi na kila mwenye mikorosho akataka mavuno ya kumtosha mnunuzi. Likwata alikuwa na mashine ya mgongoni na kitambaa cha kufunga puani. Misimu miwili haikupita kifua kikaanza kubana. Alfajiri alipuliza miti, usiku alikaa kitandani ameegemea ukuta, akivuta pumzi kwa mluzi.

"Nilikuwa nasikia kama kuna mtu amenikalia hapa," anasema, akigonga kifua kwa mpini wa bisibisi. "Na mtu mwenyewe si mwembamba."

Zahanati ilikuwa na foleni, na siku nyingi dawa hazikuwapo. Lakini kwenye kituo cha magari palikuwa pamefunguliwa duka la dawa, kama yalivyofunguliwa mengi miaka hiyo, lenye kabati la kioo na muuzaji mchangamfu. Alimpa vidonge vidogo vyeupe katika kipande cha gazeti. Predinisoloni, ingawa muuzaji hakulitaja jina wala Likwata hakuliuliza. Kufikia siku ya pili, kifua kilikuwa kimefunguka.

Dawa ile haikuwa ya uongo, na hapo ndipo penye ugumu wa kisa hiki. Ilimfungua kifua kweli. Madaktari huitoa kila siku, nayo huokoa watu. Kosa ni kwamba hakuna aliyemwambia aimeze kwa muda gani, na zaidi ya hapo, hakuna aliyemwambia kwamba ukishakaa nayo muda mrefu huruhusiwi kuiacha kwa mkupuo. Akameza vidonge vinne kila siku, miaka mitano.

Katika miaka hiyo mitano Likwata alinenepa. Mashavu yakajaa, shingo ikafupika, tumbo likatangulia. Kijiji kikafurahi naye. Harusini alipewa kiti cha mbele. Makarani wa wanunuzi wa korosho walimwita bosi kabla hawajamjua. Watu walikuja kumwomba mikopo, naye akiwa hana hata bati la kumalizia paa, maana mashavu kama yale hayawezi kuwa ya mtu mwenye shida.

"Nilipokataa, wakasema nina roho mbaya," anakumbuka. "Tajiri gani hataki kusaidia!"

Mkewe, Kazija, hakufurahia sana. Ndiye aliyeona mumewe akichubuka ngozi kwa kugusa mlango tu, akiinuka usiku kukwangua ukoko wa ubwabwa sufuriani. "Njaa ile haikuwa ya mtu," anasema Kazija. "Anakula, anashiba, anakaa kidogo, anauliza kuna nini jikoni. Nikimwambia umekula sasa hivi, anaona haya mwenyewe."

Njaa hiyo ndiyo iliyokaribia kumuua.

Ramadhani ya mwaka huu iliandama mwezi wa Januari. Likwata alijua kwamba vidonge ndivyo vinavyomtia njaa, na miaka iliyotangulia saumu ilimtesa mpaka akawa anajificha chumbani mchana asinuse mapishi ya wengine. Safari hii akaona dawa yake ni rahisi. Mwezi huo watu huacha mengi. Mmoja huacha sigara, mwingine tembo la mnazi, mwingine kusengenya, akiweza. Yeye akaacha vidonge. Akavifunga katika leso, akaviweka juu ya kabati, akanuia kuvirudia baada ya Idi.

Siku za mwanzo njaa ilipungua, akamshukuru Mungu. Kisha nguvu zikaanza kumtoka. Viungo vikauma, kichwa kikazunguka kila alipoinuka, na hamu ya futari ikamtoka aliposhika kijiko tu. Hakuna aliyeshtuka, na angeshtuka nani? Mtu aliyefunga akilegea alasiri, watu humwambia saumu imemkaba. Walimtania. Mmoja alimwambia bosi amezoea kula.

Alianguka katika sala ya alasiri. Alikwenda kusujudu, hakuinuka. Lori la mnunuzi wa korosho lililokuwa likipakia magunia ndilo lililompeleka Lindi mjini, akiwa amelazwa juu ya mzigo, Kazija akimshika kichwa na kumfunika uso jua lisimchome.

Hospitalini walimkuta presha imeshuka vibaya. Tabibu aliyekuwa zamu, Magdalena, mwenyeji wa Newala, alimtazama yale mashavu, akaona na michirizi ya zambarau tumboni, akamgeukia Kazija na swali moja: alikuwa anatumia dawa gani?

"Vile vidogo vyeupe. Ameviacha kwa ajili ya mfungo," Kazija akajibu.

Wakamtundikia dripu na kumdunga sindano ya dawa ya jamii ile ile aliyoikimbia. Kesho yake alikaa kitandani akaomba uji.

"Wengi hudhani wakiacha dawa wanarudi kuwa kama zamani," anaeleza Magdalena. "Mwili una tezi juu ya figo, nazo hutengeneza dawa kama hii yenyewe kila siku, kidogo kidogo. Ndiyo inayokuinua asubuhi, ndiyo inayokushikilia ukiugua. Sasa wewe umeuletea mwili chakula kilichopikwa kwa jirani miaka mitano. Jiko lake limepoa. Ukikata sahani ya jirani leo, mwili unalala njaa. Lazima upunguze polepole, jiko lipate kuwaka upya."

Polepole kwa Magdalena ni polepole hasa. Likwata alirudishiwa vidonge vyake vinne, kila asubuhi baada ya kula. Akapewa na dawa nyingine za pumu ili kifua kisibaki bila mlinzi, akapigwa marufuku kubeba mashine ya salfa. Ndipo akawa fundi wa mashine za wenzake. Kisha ikaanza safari ya kupunguza nusu kidonge, kukaa wiki kadhaa kuona mwili unasemaje, na kupunguza nusu nyingine pale tu tabibu anaporidhika. Kidonge hukikata Kazija kwa wembe juu ya kibao cha mbuzi ya nazi.

Masharti mengine mawili Kazija aliyashika kuliko mgonjwa. Homa ikija, dozi inapanda kwa siku chache, kwa kuwa mwili mgonjwa unahitaji zaidi. Na akitapika dawa, hakuna kusubiri kesho, ni kwenda hospitali.

Wakati wa masika malaria ikampata. Kwa mujibu wa maelekezo alitakiwa kurudi juu, naye akagoma. Alikuwa ameshuka kwa jasho, na kupanda tena aliona ni kushindwa mbele za watu.

"Nilimwambia, baba, hapa hakuna anayekuhesabia magoli," anasema Kazija. "Nikamkalia kitandani na kikombe cha maji mpaka akameza." Homa ilipoondoka, walishuka tena bila matatizo.

Taabu kubwa ilikuja wakati mambo yanakwenda vizuri. Kadiri vidonge vilivyopungua ndivyo mashavu yalivyoondoka, na kijiji kilichompenda akiwa mgonjwa kikaanza kumwogopa akipona. Kikombe chake kwenye kibanda cha kahawa kikawa kinaoshwa mara mbili. Wateja wawili wakapeleka mashine zao kwingine. Mwezi wa sita kaka yake Kazija, Ahmadi, akafunga safari kutoka Mchinga kuja kuona mwenyewe.

Siku chache kabla ya ugeni huo, Likwata alikuwa amekwenda kituo cha magari. Hakumwambia mtu. Alisimama mbele ya lile kabati la kioo, na muuzaji, mchangamfu kama zamani, akamwambia asijitese: akirudia vinne kwa siku, kufikia mwezi ujao mashavu yatakuwa yamejaa. Likwata akanunua. Akarudi navyo mfukoni.

"Nisikudanganye, nilitaka uso ule urudi," anasema. Anaiweka bisibisi chini kwanza, ndipo anaendelea. "Si kwa ajili ya ubosi. Nilitaka tu shemeji akija anikute mnene, asinichukulie mke."

Ahmadi alifika, akala, akanawa mikono, kisha akasema lililomleta. Alisema kwa heshima, lakini alilisema.

"Shemeji, sisi hatukutuhumu. Ila watu wanaongea, na wewe unazidi kuisha. Nataka dada yangu aje akae nyumbani kwanza, mpaka hali yako ieleweke."

Likwata anasema mkono wake ulikuwa mfukoni, umeshika kile kipande cha gazeti. Alikuwa tayari kuomba mwezi mmoja tu. Kazija akamtangulia, akiwa bado anakusanya vyombo.

"Kaka, wewe ndiye uliyenisindikiza kuja kuolewa. Hebu mtazame vizuri. Mimi niliolewa na mtu mwembamba. Huyo mnene alikuja baadaye, na ndiye aliyekuwa mgonjwa."

Ahmadi akatazama. Alitazama muda mrefu, mpaka Likwata akaona aibu ya kutazamwa. Kisha akacheka kwa mshangao na kukiri kwamba alikuwa ameusahau kabisa uso wa shemeji yake. Aliondoka kesho yake peke yake. Hakusema kama ameridhika, bali aliacha kilo moja ya papa mkavu.

Vile vidonge vya mfukoni Likwata alivipeleka mwenyewe kwa Magdalena, akitarajia kukemewa. Magdalena hakukemea. Alikagua tarehe ya kopo vilikotoka kwa kumtuma mtu dukani, akasema ni vizima, na akaamua viwekwe kwa Kazija kama akiba ya siku za homa. Anachokasirikia yeye si kidonge.

"Duka linauza dawa ya kufungua kifua, haliuzi namna ya kuiacha," anasema. "Wagonjwa kama huyu ninao wengine. Wanafika wakiwa wameacha ghafla, kila mmoja na sababu yake. Na sababu zenyewe ni nzuri, ndiyo maana inauma."

Leo Likwata yuko kwenye kidonge kimoja. Magdalena anasema huu mwisho ndio utakaokwenda taratibu kuliko mwanzo, kwa sababu sasa jiko linatakiwa liwake lenyewe. Kuna asubuhi Likwata huamka magoti yakiuma kama aliyelima usiku kucha, na hukaa ukingoni mwa kitanda mpaka chumba kiache kuzunguka. Hali hiyo ikizidi, hapunguzi, hungoja.

Ramadhani inayofuata inatarajiwa mwishoni mwa Desemba. Pengine atakuwa bado na nusu kidonge. Mwalimu wa msikiti amemwambia mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Magdalena naye hajamwahidi kwamba atafunga. Atampima kwanza, na akimruhusu, kidonge kitamezwa na daku bila kukosa, na akiona dalili ya kwanza ya kulegea atafungua hapo hapo, watu waseme wanachotaka. "Mimi Mkatoliki," anasema tabibu huyo, "lakini sasa saa za daku nazijua kuliko majirani zake."

Huku Milola jua limeshapanda na mashine zinanyamaza moja moja. Likwata anafunga kabureta, anavuta kamba, injini inakohoa kisha inakubali. Anaizima na kumwita Hussen aje aichukue, yeye akisogea pembeni.

"Ila kula, fundi," anasema Hussen, akiivaa mashine mgongoni. "Usiache kula."

Likwata anakusanya spana zake kwenye gunia. Kijana akishaondoka, ndipo anajibu, kana kwamba maneno yale aliambiwa mtu mwingine.

"Miaka mitano nimekula njaa ya vidonge," anasema. "Nikijaliwa, mwaka huu nifunge japo siku moja. Nikae pale mlangoni magharibi ikiingia, nisikie njaa yangu mwenyewe."