Kuli wa Ngarenaro kwa Wino wa Kahawia

"Simba chora wewe. Mimi nachora uzito."

Nanyori, binti mchoraji, aliyasema hayo kwenye kipaza sauti, siku ya maonyesho pale Daraja Mbili, mbele ya vijana wanaoishi kwa kuchora simba, twiga, na simba tena. Dilip, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Ngarenaro, akamjibu palepale: "Haya binti, nichoree makuli wangu. Nikiuona huo uzito, mchoro nautundika juu ya kaunta. Nisipouona, rudi kwenye twiga." Ukumbi ukacheka.

Hakutishika. Alikuwa amejifunzia kwenye simu, kwa michoro ya wino ya Ulaya ya zama za Baroki, miaka mia nne hivi iliyopita: wachukuzi wa wakati huo, mtu yuleyule mara tatu kwenye karatasi moja, akiinama, akiinua, akitua. Kalamu inakimbia, kisha brashi yenye wino wa kahawia uliotiwa maji inaweka kivuli pale mwili unapolemewa.

Kosa lake lilikuwa kutoa taarifa. "Kesho nakuja kuwachora," aliwaambia makuli. Huku kwetu, ukimwambia mtu kesho kuna picha, umemwambia avae. Asubuhi Elihuruma, kuli mkongwe wa duka, alikuwa mlangoni ndani ya suti aliyovaa kwenye kipaimara cha mwanawe, amenyooka kama nguzo ya umeme.

"Shikamoo baba. Mbona umependeza hivi?"

"Marahaba. Ulitaka nichorwe kama mwizi?"

"Nataka nikuchore kazini."

"Hapa ndiyo kazini. Chora."

Akachora. Kwenye karatasi akatokea mgombea udiwani.

Alikuwa anaichana karatasi lori la saruji lilipoingia. Elihuruma akaitazama suti, akalitazama lori, akasonya, akaenda kuinamisha bega. Mfuko ulipotua, koti likapanda hadi sikioni. Tai ikaning'inia wima kama timazi ya fundi, na mwili wote ukapinda upande, ukiikimbia ile tai. Nanyori hakupepesa macho. Alimchora mara tatu, wino haujakauka akapitisha brashi.

Dilip aliutazama mchoro hadi wateja wakaanza kulalamika.

"Huyu wa katikati," alisema, "mwambieni atue."

"Hatui," Elihuruma akajibu, akijipangusa vumbi. "Huyo analipwa kwa mfuko."

Dilip akaagiza msumari na nyundo. Nanyori akauvuta mchoro upande wake wa kaunta.

"Kutundika tulikubaliana, bosi. Kununua bado hatujaongea."

"Shilingi ngapi?"

"Laki tatu. Na mimi nalipwa kwa mfuko, humo mna mitatu."