Siku Kumi na Tisa Baada ya Eda

Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani, mwaka jana, nilimpoteza mume wangu. Alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi hapa Nuu. Alianguka zizini, na tulipomfikia alikuwa ameshaondoka.

Nilikaa eda kama dini yetu inavyomtaka mjane: miezi minne na siku kumi, bila kujipamba, bila kutoka nyumbani ila kwa dharura. Mwezi wa pili wa eda kifua kilinibana, nikapelekwa hospitali. Moyo haukuwa na ugonjwa. Wakanituma kwa mshauri wa afya ya akili, tabibu mpole mwenye fomu mbele yake.

“Mama, unatoka hata kwenda sokoni?”

“Sitoki.”

“Unajitengeneza, unavaa vizuri?”

“Hapana.”

Kila jibu alitia alama. Nikaona dini yangu inaandikwa ugonjwa. Sikumwambia kwamba silali, wala kwamba katikati ya swala nilikuwa nasahau niko rakaa gani. Dawa alizonipa nilizificha kwenye mkebe wa majani ya chai. Nilidhani kuzimeza ni kusema Mungu hanitoshi.

Eda ikaisha. Sikutoka.

Ndipo akaja kunijulia hali binti wa mwenye duka mmoja wa mji wa Kabati, Mwislamu mwenzetu, aliyesomea ushauri nasaha chuoni. Alivua viatu, akaketi nami mkekani.

“Hukuleta fomu?” nikamuuliza.

“Iko kichwani, Mama. Nikiitoa utanifukuza.”

Nilikuwa sijacheka muda mrefu. Akaniambia vitabu vya Wazungu vilimfundisha kuuliza habari za usingizi na chakula. Lakini wanazuoni wetu wa zamani nao waliandika juu ya nafsi, moyo na huzuni, na siku hizi yeye na wenzake wanavisoma vyote pamoja.

“Vinapatana?”

“Pengine. Pengine tunabishana mpaka chai inapoa.”

Nikamweleza ya mshauri. Nilitaka aseme yule mtu alikosea. Alifikiri kwanza.

“Alikosea kuhusu kutotoka mlangoni,” akasema. “Kuhusu dawa hakukosea. Mtume alituambia tujitibu. Na eda yako iliisha lini?”

Nilijua. Zilikuwa zimepita siku kumi na tisa. Kila asubuhi nilizihesabu, na watu wakiita langoni nilijibu bado niko edani. Nilimdanganya hata imamu. Sikuweza kumdanganya huyu.

“Basi eda Mungu aliiwekea mwisho,” akasema polepole. “Hii iliyobaki ni kitu kingine, Mama. Na si dhambi kuumwa.”

Nililia mbele yake. Kisha nikaleta ule mkebe. Akasoma karatasi ya dawa, akasema tutarudi pamoja kwa mshauri yule, na safari hii nimwambie yote.

Alipoondoka nilimsindikiza hadi langoni. Jirani alikuwa anapita, akaniuliza kama nitamuuza beberu wa marehemu. Sikusema niko edani; nikamwambia sijui. Nikarudi ndani.