Pua ya Mpiga Rangi

Siku ya kwanza niliporipoti kazini, katika karakana ya magari ya serikali pale Kilosa, sikupewa spana wala brashi. Nilipewa kopo tupu la maziwa ya unga na mkasi wa kukatia bati. Nilikuwa nimeshuka kutoka Vidunda na cheti changu cha shule ndani ya bahasha, nimevaa shati la kuazima kwa kaka yangu, najiona tayari mtu wa serikali. Fundi Mkuu wa Rangi, mtu mfupi mwenye madoa ya kila rangi kwenye kucha, alikisoma cheti mpaka mwisho, akanirudishia.

"Kijana," akasema, "nitengenezee gari."

Nilidhani ananidhihaki. Kumbe ndiyo ilikuwa desturi ya karakana ile: hakuna mwanafunzi aliyegusa gari la watu kabla hajaunda gari dogo na kulipiga rangi mpaka Fundi Mkuu aridhike. Kipimo kilikuwa moja kwa ishirini, yaani sentimita moja ya gari dogo inasimama badala ya ishirini za gari lenyewe. Bodi ilikuwa bati la kopo lililoungwa kwa risasi ya kulehemu, chasi ni mti wa mninga. Matairi tuliyakata kwenye soli za kandambili, na vioo vilitokana na picha za eksirei zilizosuguliwa mpaka zikapitisha mwanga. Gari kubwa linaficha uzembe, alikuwa akituambia, lakini dogo linakusema.

Na linasema kweli. Chembe ya vumbi ambayo kwenye mlango wa lori huioni, kwenye gari la urefu wa kiganja inakaa kama jiwe. Rangi ikizidi inatiririka, sisi tuliita machozi. Gari langu la kwanza lililia kila upande. Fundi Mkuu aliliweka chini akalikanyaga, akaenda zake kunywa chai. La pili akalikanyaga. La tano aliligeuzageuza juani, akaniambia nikanawe mikono, kesho naanza na mlango wa gari la wagonjwa. Sijapata kusifiwa zaidi ya hapo maishani.

Ninyi vijana wa siku hizi mnachanganyiwa rangi na kompyuta dukani, kwa hiyo jambo moja nitalieleza polepole. Ziko rangi mbili. Rangi ya mafuta inakauka taratibu. Fundi Mkuu aliichanganya mwenyewe kwa mafuta ya mbegu za kitani. Rangi ya thina, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi, inakauka ukiitazama. Ya mafuta unaweza kuipaka juu ya ya thina, haina neno. Lakini ukipuliza ya thina juu ya ya mafuta, ile ya chini inakunjamana kama utando wa maziwa, inabanduka, na hakuna dawa. Basi kabla hujapaka juu ya kazi ya mtu mwingine, kwangua kidogo kwa msasa, unuse vumbi. Harufu ya rangi ya mafuta hainyamazi hata ikikaa miaka. Wanafunzi wasiojiamini walisugua pembeni kwa tambara lenye thina, waone kama rangi itakunjamana. Sisi tuliowiva tuliwacheka. "Pua kwanza, brashi baadaye," ndivyo alivyotufundisha Fundi Mkuu.

Baadaye nilihamia Mikumi, kwenye karakana ya hoteli moja ya watalii, kupiga rangi magari yanayoingia mbugani. Meneja wa hoteli alinipa barakoa za kupulizia. Nilizitundika ukutani. Alinikuta siku moja nimejaa unga wa rangi mpaka kwenye kope, akaniuliza kama nadhani mapafu yangu ni ya chuma. Nilimjibu kwamba mwalimu wangu hakuvaa. Akatikisa kichwa, akaandika kitu kwenye daftari lake, akaondoka. Alikuwa sahihi yule bwana, nami nilimsema nyuma ya mgongo kwa miaka.

Magari madogo sikuyaacha. Kila gari nililolipiga rangi, jioni nililiundia dogo lake nyumbani. Mke wangu alilalamika kwamba kabati la vyombo limejaa magari na vyombo vyenyewe viko chini ya kitanda. Nilikuwa na furaha. Naandika neno hilo kwa sababu sitalihitaji tena hapa chini.

Siku ambayo pua yangu ilikufa siijui. Najua tu kwamba, nilipokwisha kustaafu, mke wangu alitoka uani akauliza kwa nini nimeuacha wali uungue nami nimekaa kando ya jiko. Nilicheka, nikasema nilikuwa na mawazo. Sikumwambia yeye wala mtu yeyote. Mpiga rangi asiye na pua ni nini?

Mwaka jana akaja Salome, binti wa pekee wa Fundi Mkuu, ambaye ni mwalimu kule Ruaha. Alinikuta barazani, akaniamkia vizuri, "Shikamoo, baba mdogo," nikamwitikia marahaba. Alikuwa amebeba kitu ndani ya kanga. Baba yake alikuwa amefariki, na nyumba ya Kilosa walipoifungua hawakukuta cha maana ila hiki: basi dogo la bati, kipimo moja kwa ishirini, limekamilika isipokuwa paa. Na juu ya kioo cha mbele, kwa herufi nyekundu za mkono, Fundi Mkuu alikuwa ameandika SALOME.

Alinieleza kwamba baba yake hakuwa mtu wa maneno. Hakumwandikia barua alipokuwa shule ya bweni, hakumwambia hata mara moja kwamba anampenda. "Jina langu hakuliandika popote, baba mdogo. Ni hapa tu." Aliomba nimalizie paa, kisha nipulizie vanishi lote ling'ae, aliweke mezani siku ya kuweka msalaba kaburini.

Nilimaliza paa, kisha nikakwangua ukingo wa chini kwa msasa. Nikainamisha uso, nikanusa. Sikunusa kitu. Nikajiambia: hamna mafuta.

Nilijua kwamba herufi za mkono huandikwa kwa rangi ya mafuta. Nilijua pia kwamba pua yangu haikusikia wali unaoungua. Tambara lilikuwa pale, na thina ilikuwa pale. Lakini kutumia tambara, kwa kazi ya mikono ya yule mzee, kulikuwa kukiri kwamba nimerudi mwanafunzi. Nikapuliza vanishi ya thina.

Haikuchukua hata muda wa kuweka bomba la kupulizia chini. Ubavu ukakunjamana, kisha paji la basi juu ya kioo, kisha herufi moja baada ya nyingine zikajikunja na kubanduka. Nilisimama naangalia. Niliita, "Fundi," kama vile yuko chumba cha pili.

Nilifikiri kuliandika jina upya. Mkono wake naujua kuliko wangu, ile S yake yenye mkia mrefu, na hakuna ambaye angegundua. Nikachanganya nyekundu, nikachovya brashi. Sikuweza. Usidhani ni uadilifu. Niliogopa kumwona yule binti akiushika uongo wangu na kulia.

Alipokuja nilimwambia yote, na la pua pia. Hakunikaripia, afadhali angenikaripia. Alilichukua basi, akalitazama mahali palipokuwa na jina lake, akalileta karibu na uso. Akafumba macho.

"Linanukia baba," akasema. "Yale mafuta yake. Nusa, baba mdogo."

Akanipa. Miaka arobaini katika kazi hii, na miaka mingi nyuma ya mzee yule, nikivuta harufu ile asubuhi hadi jioni, kwenye ovaroli lake, kwenye mikono aliyonishikia bomba. Nikaliweka puani, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma.

Hamna kitu.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni yeye."