Kazi ya Kuandika Kazi za Wenzangu

Kikundi chetu cha maziwa ya ngamia hakina mwenyekiti. Wengine wako Balambala na mifugo, wengine tunauza hapa Galbet, na kila mmoja hufanya anachoona kimepungua. Kisha watu wa mradi unaotufadhili wakatuwekea mfumo kwenye simu: kila mwanachama ajiandikie kazi aliyofanya, apate alama, na mgawo wa pesa za mwezi ufuate alama.

Hakuna aliyejiandikia. Kwetu mtu hajisifii. Mama zetu walitufundisha kwamba wema ukiutangaza mwenyewe, thawabu yake imekwenda. Watu wa mradi walitubembeleza mpaka tukakubaliana kila mmoja ataje kazi ya mwenzake.

Lakini wengi wana simu ndogo za vitufe, zile tunazoita kabambe, na mfumo hauingii humo. Basi wakawa wananipigia mimi niwaandikie. Simu iliita tangu alfajiri. Abaayo, dada yangu, andika fulani amefukiza mitungi ya maziwa moshi. Abaayo, andika fulani amepokea maziwa stendi. Nilipima maziwa kwa mkono mmoja, nikaandika kwa mwingine, mpaka macho yakawa yananiwasha.

Mwisho wa mwezi tulikaa mkekani kwa mgawo. Kila jina lilikuwa na alama zake ila langu, maana hakuna aliyewahi kupiga simu kunitaja. Wenzangu walitazamana, kisha mmoja akaniuliza kwa upole kama mwezi huo nilikuwa mgonjwa.

Nilikuwa nimechoka hata kueleza. Nikamwambia, kidogo.