Turubai la Profesa Ufukweni Sindo

Dada yangu hukausha omena, dagaa wa ziwani, ufukweni Sindo, na mteja wake mkubwa yuko sokoni Migori. Mimi nilikuwa nimerudi kwake baada ya miaka ya kuzurura miji ya watu, nikiitamani harufu ile ya samaki ya utotoni, ndipo profesa mmoja wa kemia alipofika na maturubai yake.

Alituambia ameyatengeneza kwa polima mpya, kutokana na magugu ya ziwani. Hayashiki mchanga, na yakichakaa yanaoza ardhini badala ya kujaza ziwa plastiki. Kwa hilo nilimpenda. Dada alipewa moja, na siku za jua omena zilitoka juu yake zinang'aa.

Kisha mvua ikaja adhuhuri. Kwetu, mvua ikikaribia, hakuna anayeanza kuzoa omena. Unashika pembe za wavu wa kuanikia, unazikunja juu ya samaki, unaweka mawe, unakimbia. Dada akalikunja turubai vivyo hivyo, kama mama alivyomfundisha. Jua liliporudi kuchoma, tulifunua tukakuta uji. Polima ililainika kwa unyevu na joto, ikashikana na samaki kama gundi. Mzigo wote wa Migori.

Profesa alichuchumaa, akanusa, akakata kipande na kukitia ndani ya chupa.

"Haya ni matokeo mazuri sana."

"Mazuri kwa nani?" nilimuuliza.

"Nilisema lisikunjwe."

"Ulisema mkutanoni siku ya kuyagawa, watu wanangoja soda! Nani angembishia mgeni?"

Dada akaingilia, akimwita mzee kwa heshima. "Mimi nilikusikia, Jaduong'. Mvua ndiyo haikukusikia."

Wanawake waliokuwa karibu wakacheka. Kisha dada akanigeukia mimi: "Na wewe punguza sauti. Mgeni hajala."

Akampikia! Mtu aliyemharibia mzigo akaletewa maji ya kunawa, akaletewa kuon, ugali wetu, na samaki, akala akaongeza. Mimi sikugusa kitu.

"Unaweza kutengeneza la kukunjika?" dada alimuuliza.

"Sijui. Nitajaribu."

"Basi ukija nalo, uje msimu wa mvua."

Kesho yake nilikwenda Migori kumwomba yule mteja asubiri. Nilimweleza habari ya profesa, magugu na polima. Alinisikiliza huku akimpimia mtu mwingine omena.

"Shemeji, mimi nauza omena. Hadithi siuzi."

Nyuma yake magunia yalikuwa yamepangwa mpaka ukutani, yametoka kisiwani Mfangano. Mwenye magunia hayo, aliniambia, atakuwa akimletea kila wiki.

Nilimpigia dada simu nikamwambia nafasi yake imechukuliwa. Akauliza kama nimesikia profesa alifika nyumbani kwake salama.

Nilikata simu.