Kalitsa Aenda Kuomba Kibanda

Kalitsa alifika miaka sitini na tisa bila kumiliki hata kiti, na wala si kwa uvivu. Kwetu Karpathos, kisiwa cha Ugiriki, nyumba ya mama, mashamba yake na mkufu wake wa dhahabu huenda kwa binti wa kwanza. Wa pili atajijua. Dada yake Marukla akapata vyote. Kalitsa akapata kuchunga mbuzi wa Marukla na kulala kwenye kibanda cha Marukla, pale ufukweni kwetu. Miaka arobaini amekipaka chokaa kila Pasaka kama chake.

Sasa Marukla alikuwa mgonjwa kwa bintiye Sevasti, katika kijiji cha pwani upande wa kusini. Tukasikia kibanda kinataka kupangishwa kwa wale wageni wanaokuja kutembea njia ya pwani na fimbo mbili mbili. Kalitsa akaamua kwenda kumwomba dada yake amwache humo mpaka afe. Upepo ulikuwa umezuia boti, kwa hiyo ni miguu. Mimi jirani yake nikafuatana naye, maana mtu wa umri ule humwachi peke yake kwenye majabali.

Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi.

"Utamwambiaje?" nikamuuliza.

"Nitamwambia, dada, naomba."

"Unaomba nini, mwanamke wewe? Umemchungia mbuzi, umemlelea mtoto. Dai haki yako."

"Punguza sauti, Rinio. Utaniangusha baharini bure."

Adhuhuri tukala mkate mkavu wa shayiri na zeituni. Soli ya kiatu chake ilikuwa imeachia, akaifunga kwa kamba. Wageni wawili wakapita wamepotea, naye akainuka na mguu wake huo kuwaonyesha njia inaposhukia.

"Unawaelekeza wanaokuja kukutoa kwako," nikamwambia. Akacheka. Mimi nilikasirika.

Tulifika saa tisa. Marukla alikuwa kitandani, amekonda. Kalitsa akambusu, akakaa miguuni pake.

"Dada, naomba kile kibanda. Si kwamba kiwe changu. Kukaa tu."

Marukla akafumba macho. "Ningekupa, mdogo wangu. Lakini si changu tena. Sevasti ndiye binti yangu wa kwanza."

Sevasti alikuwa anatumiminia kahawa, hakumtazama usoni. "Mama mdogo, wageni wanaingia mwezi wa tano. Lakini pa kulala hukosi. Kuna kitanda stoo, na mashuka yao yatataka mtu wa kuyafua."

Nilipandwa na hasira nikawaambia mama na mwana kwamba hawana haya. Kalitsa akakusanya vikombe, akatoka navyo uani kwenye bomba. Nikamfuata huko huko.

"Hata neno moja, Kalitsa? Dada gani yule, hana hata chembe ya huruma."

Akasuuza kikombe. "Ningezaliwa mimi kwanza, ningemfanyia hivyo hivyo."

"Mimi nisingefanya."

Akafunga bomba, akanitazama. "Na Fulitsa wako yuko wapi, Rinio?"

Fulitsa ni mdogo wangu, binti wa pili wa mama yetu. Huu ni mwaka wa thelathini na mbili anaosha vyombo kwenye hoteli za bandari ya Pirea, ng'ambo ya bahari. Nyumba ya mama yetu ina vyumba vitano, na nalala peke yangu. Nikachukua kitambaa nikaanza kukausha vikombe.