Bitana ya Hariri

Tangu vita vya Wajapani, kila siku ya kufagia makaburi, ukoo wa Ruan uligawana nyama ya nguruwe nyumba kwa nyumba, na kila mwaka ukairuka nyumba ya Caixian kama mtu arukavyo mavi njiani.

Kosa lilikuwa la mama yake. Ndege za Wamarekani zilipokwisha kuipiga Tokyo ziliishiwa mafuta juu ya Uchina, na rubani mmoja akaning'inia kwenye mianzi nyuma ya nyumba yao. Mama akamlisha uji, akamficha, akamtorosha. Mwavuli wake wa kurukia kutoka angani ulipaswa kuchomwa. Lakini katika kijiji cha wafuga viwavi, nani anachoma hariri? Mama akaukata, akaufanya bitana ya koti la Caixian. Wajapani walipokuja kulipiza kisasi walilikuta limeanikwa kambani. Waliteketeza nusu ya kijiji, wakianza na mama. Waliobaki wakamzika kando ya mabanda ya nguruwe, mbali na kilima cha ukoo.

Sasa, Caixian akiwa mzee, mwenyekiti wa kijiji Deshou amesimama mlangoni na sahani ya nyama.

"Shangazi, mgao wako. Mtoto wa yule rubani anafika leo. Tabasamu kidogo tu, tupigwe picha."

"Kumbe nyama inaijua njia! Mama apandishwe kilimani, nitatabasamu mpaka meno yadondoke. Yenyewe yamebaki manne."

"Akipanda mama yako, wangu anashuka," alisema Boquan, yatima wa moto ule, kutoka uani. "Wewe ulivaa hariri, sisi tukavaa majivu."

Koti lile Caixian alilivaa mara mbili, na joto lake hajalisahau.

Mgeni alipofika, Caixian akamkamata mkono mbele ya kamera na kumburuta hadi mabandani. "Mama yuko hapa." Mkalimani akatafsiri. Jitu lile likapiga magoti topeni, nguruwe wakiguna.

"Shangazi, unatuaibisha!"

"Mahali mlipachagua wenyewe."

Kwa aibu ya picha ile, kesho yake Deshou alileta majembe. Mifupa ikafukuliwa, ikatiwa kapuni. Kwenye njia ya kilimani wakamkuta Boquan amelala kuiziba, amejifunika blanketi.

"Mrukeni," alisema Deshou.

"Asirukwe mtu. Mimi nimerukwa vya kutosha."

Caixian akaketi palepale, kapu mapajani.

"Ondoka, Boquan."

"Siondoki."

"Basi tutaona nani ataanza kufa. Na usikorome, mama analala."